Maji ya presha: jinsi ya kuosha, kuzibua, kubandua na kukata bila kuharibu wala kuumia

Maji ya bombani nyumbani huwa na presha ya bar 2 hadi 4. Mashine ndogo ya kuoshea gari huyapandisha hadi bar 100 au 150. Mafundi wanaobandua rangi kwenye meli zilizopandishwa chelezoni hutumia bar 2,000 na zaidi, na karakana zinazokata vyuma kwa maji ziko kwenye bar 4,000, nyingine 6,000. Kinachobadilika ni kasi. Kwa bar 100 maji hutoka kwenye nozeli, yaani ncha yenye tundu la kutolea maji, kwa mwendo wa karibu mita 140 kwa sekunde. Kwa bar 4,000 yanapita mita 800 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti hewani. Ikiwa mashine yako imeandikwa psi badala ya bar, gawanya kwa 14.5.

Mwongozo huu ni wa fundi, msimamizi wa karakana, au mtu aliyenunua mashine yake ya kwanza na anataka kujua inaweza kufanya nini na isielekezwe wapi. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo, kwa sababu nimeona kazi nyingi zikiharibika kwa kulisahau: watu hukimbilia presha kubwa. Kazi safi hufanywa kwa presha ndogo kabisa inayotosha kuondoa kinachotakiwa kuondoka na kuacha kinachotakiwa kubaki.

1. Jua unachoondoa, na kilichoko chini yake

Kabla ya kugusa mashine, kwaruza uchafu kwa ukucha. Ukitoka kwa ukucha, ni tope, vumbi, kuvu au ukoga. Hapo unahitaji maji mengi ya kuusukuma kuliko presha. Bar 80 hadi 120 zinatosha.

Ukiteleza chini ya kidole, ni mafuta au grisi, na dawa yake ni joto. Maji ya nyuzi 60 hadi 90 pamoja na sabuni ya kukata mafuta hufanya kwa bar 100 kazi ambayo maji baridi hayataiweza kwa bar 250. Maji baridi huyahamisha mafuta tu, yakaenda kuganda mahali pengine.

Ukigoma kwa ukucha lakini ukakubali ncha ya bisibisi, ni rangi iliyoanza kuachia, masalio ya saruji, au magamba laini ya chumvi. Hiyo ni kazi ya mashine za kitaalamu za bar 200 hadi 500. Ukigoma hata bisibisi, ni kazi ya mitambo ya viwandani, bar 700 na kuendelea, na watu waliofunzwa.

Sasa tazama kilichoko chini ya uchafu huo, maana ndicho kitakachobaki mikononi mwako. Zege lililokomaa na chuma kizito huvumilia. Mbao laini, plasta, matofali ya zamani yaliyojengwa kwa chokaa, mapezi ya rejeta na sili za bearingi havivumilii. Tairi ndilo linalodanganya zaidi: ukilipuliza kwa karibu na nozeli ya ncha moja, nyuzi za ndani zinaweza kukatika bila dalili yoyote nje, likaja kupasuka siku nyingine gari likiwa mwendoni. Tairi lioshwe kwa nozeli ya feni tu, ile inayotandaza maji, na kwa umbali usiopungua sm 30.

Paa au ukuta wa asbesto haupulizwi kabisa, hata kwa presha ndogo, kwa sababu maji hung'oa nyuzi zake, zikakauka na kuelea hewani. Rangi ya zamani yenye madini ya risasi nayo isiguswe mpaka uwe na njia ya kukusanya kila tone na kila kigamba kinachoanguka.

2. Presha, ujazo na nozeli huchaguliwa pamoja

Presha ndiyo inayobandua, na ujazo wa maji ndio unaosomba kilichobanduka. Mashine yenye bar 200 na lita 8 kwa dakika itachonga tope lililoganda kwenye sakafu ya ghala na kuliacha palepale. Yenye bar 120 na lita 20 itamaliza mapema. Ukitaka kujua mashine inahitaji injini ya nguvu gani, zidisha bar kwa lita za kila dakika, kisha gawanya kwa 600, utapata kilowati. Bar 200 na lita 15 ni kilowati 5 za maji yenyewe; injini lazima iwe na zaidi kidogo ili kufidia kinachopotea kwenye pampu. Hesabu hii huumbua matangazo mengi. Mashine ya kilowati 2 haiwezi kutoa bar 200 na lita 15 kwa wakati mmoja, hata boksi lake liandikwe nini.

Nozeli za mashine za kawaida hutambulika kwa rangi. Nyekundu ni pembe ya nyuzi 0, yaani mshale mmoja mwembamba. Njano ni 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya kutolea sabuni kwa presha ndogo. Nozeli ya kijani ikiwa sm 30 kutoka ukutani hufagia upana wa karibu sm 13. Nyeupe hufagia karibu sm 22. Ukirudi nyuma hadi sm 60, upana unakuwa mara mbili na nguvu kwenye kila sentimita inapungua kwa nusu au zaidi. Kwa hiyo umbali ndio kirekebisho cha haraka zaidi ulicho nacho: kusogea hatua moja nyuma kunaokoa ukuta haraka kuliko kurudi kwenye pampu kupunguza presha. Nozeli nyekundu mimi huiweka kando kabisa kwa wanaojifunza.

Hesabu ya tatu ni ya mwili wako. Maji yanapotoka mbele, bunduki, yaani mpini wenye kifyatuo, hukusukuma nyuma. Chukua lita kwa dakika, zidisha kwa kipeuo cha pili cha bar, kisha kwa 0.235, jibu ni niutoni, na ukigawanya kwa 10 unapata takriban kilo. Mashine ya nyumbani ya bar 120 na lita 8 inasukuma kwa kilo 2 hivi. Mtambo wa bar 1,000 na lita 20 unasukuma kwa kilo 15, bila kupumzika, muda wote unaobana kifyatuo. Kanuni inayofuatwa na wengi kazini ni kwamba msukumo usizidi theluthi ya uzito wa mwendeshaji. Ukizidi hapo, bunduki ishikwe na mashine.

3. Andaa mahali, kisha watu

Funga eneo kwa utepe au vizuizi, mbali kuliko unavyodhani inahitajika. Vipande vya zege na rangi huruka. Zima umeme wa soketi na taa zilizo karibu, na mashine ya umeme iunganishwe kupitia swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini. Mashine ya petroli au dizeli isiwashwe ndani ya jengo, hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua.

Angalia maji machafu yataenda wapi. Mfereji wa mvua mara nyingi huishia mtoni bila kusafishwa, kwa hiyo mafuta, sabuni na magamba ya rangi vizuiwe kwa mifuko ya mchanga na kunyonywa.

Mavazi: buti zisizopenya maji zenye chuma kidoleni, suruali na koti zito, glavu, miwani pamoja na ngao ya uso, na vizibo vya masikio. Yote haya yanazuia vipande vinavyorushwa na maji yanayorudi. Hayazuii mshale wenyewe wa maji. Mavazi maalumu ya kuhimili mshale yapo na yanauzwa kwa kiwango cha presha. Kama huna hayo, jihesabu kuwa hujavaa kitu.

Kuanzia bar 500 hivi, mtu mmoja hafanyi kazi peke yake. Wa pili anasimama kwenye pampu, anamtazama wa kwanza muda wote, na mkono wake uko karibu na swichi ya kuzima. Kubalianeni ishara za mikono kabla, maana injini ikishawaka hakuna atakayemsikia mwenzake. Kila kiungo cha mpira kifungwe kamba ya usalama ya waya, ili kikichomoka mpira usichapechape hewani.

4. Soma hili kabla ya kuwasha: jeraha la kuingiwa na maji

Presha ya bar 7 tu inatosha kupenya ngozi ya binadamu, na mashine ya nyumbani ina mara kumi na zaidi ya hiyo. Jeraha lake halifanani na majeraha unayoyajua. Unachokiona ni kidoa kama kichwa cha pini, pengine tone moja la damu, pengine hakuna. Kidole kinahisi ganzi kidogo. Mtu anakifuta kwenye suruali na kuendelea na kazi. Lakini chini ya kidoa hicho maji yamesafiri kando ya mishipa na kano mpaka kiganjani au zaidi, yakibeba grisi, rangi, kinyesi cha bomba, chochote kilichokuwa njiani. Baada ya saa chache kidole kinavimba, kinapauka, kinaanza kupwita kwa maumivu, na hapo nyama ya ndani imeshaanza kufa.

Kwa hiyo kila kidoa kilichotokana na mshale wa maji ni dharura ya upasuaji. Fanya hivi:

- Simamisha kazi na andika saa, presha, na aina ya maji au kemikali iliyokuwemo.
- Usikamue jeraha, usilifunge kwa nguvu, usisubiri lianze kuuma. Mkono au mguu utulizwe na kuinuliwa.
- Usile wala kunywa, kwa sababu huenda ukahitaji nusukaputi.
- Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji moja kwa moja. Saa 6 za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa ya kuokoa kiungo.
- Mwambie daktari kwa maneno haya: nimeingiwa na maji ya presha ya bar kadhaa chini ya ngozi. Rudia mpaka akuelewe, maana kwa macho ataona tundu dogo tu.

Mafundi wa mitambo mikubwa hubeba kadi mfukoni inayoeleza jambo hili kwa daktari. Ichapishe hata kama karakana yako ina watu watatu.

Kutokana na hayo zinafuata kanuni zisizojadiliwa: usitafute uvujaji kwa kupapasa mpira kwa mkono, usioshe buti zako ukiwa umezivaa, na usimwelekezee mtu wala mnyama bunduki, hata ikiwa imezimwa.

5. Kuwasha

Unganisha maji ya kuingia, kagua kichujio, na hakikisha bomba linaleta maji mengi kuliko pampu inavyoyameza. Fungua maji bunduki ikiwa haina nozeli, bana kifyatuo, uache hewa yote itoke mpaka maji yaje bila kukohoa. Kisha funga nozeli, washa injini presha ikiwa chini kabisa, na uipandishe kwa hatua huku mkitazama viungo.

Sikiliza pampu. Ikitoa sauti ya kokoto zinazosagwa, inanyonya hewa au maji hayatoshi. Izime mara moja, kwa sababu viputo vinavyopasukia ndani ya pampu hula chuma chake. Ukiachia kifyatuo huku injini inaendelea, maji yanazunguka ndani ya pampu na kupata moto. Usiiache hivyo zaidi ya dakika 2 au 3, maana sili huungua.

6. Kuosha kuta, sakafu na mitambo

Jaribu kwanza pembeni, mahali pasipoonekana. Anza sm 60, sogea taratibu mpaka uchafu uanze kuachia, na hapo ndipo umbali wako wa siku hiyo. Elekeza feni kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi ili maji yaingie chini ya uchafu na kuunyanyua.

Sabuni ipakwe kuanzia chini kwenda juu, ili michirizi isitengeneze mistari kwenye sehemu kavu. Iachwe dakika chache bila kukauka. Kisha suuza kuanzia juu kwenda chini. Mbao fuata mkondo wa nyuzi zake, kwa nozeli nyeupe na presha ndogo. Madirisha na viungo vya paa usivipulize kwa kupandisha kutoka chini, kwa sababu vilijengwa kuzuia mvua inayoshuka. Sakafu pana ya zege ioshwe kwa kifaa cha duara chenye mikono inayozunguka ndani ya kofia. Kwa fimbo ya kawaida utaacha mistari kama ya pundamilia, na mistari hiyo haitoki bila kuosha sakafu nzima upya.

7. Kuzibua mabomba ya maji taka

Hapa ndipo maji ya presha yanapostahili heshima yangu yote. Fimbo ya waya hutoboa kizuizi na kuacha grisi ukutani, na baada ya muda bomba linaziba tena. Mshale wa maji huosha mzunguko mzima wa bomba na kulirudishia upana wake.

Siri iko kwenye nozeli. Mbele ina tundu moja la kutoboa, au haina. Nyuma ina matundu kadhaa yaliyoelekezwa kinyume. Maji yanayotoka nyuma huivuta nozeli mbele pamoja na mpira wake, na wakati huohuo husukuma uchafu urudi ulikotoka mpira. Matundu ya nyuma yenye pembe finyu, nyuzi 15 hivi, huvuta kwa nguvu na yanafaa bomba refu. Yenye pembe pana, nyuzi 35 hadi 45, huvuta kidogo lakini husugua ukuta vizuri zaidi. Mizizi ya miti inahitaji nozeli yenye kichwa kinachozunguka au chenye meno.

Presha ya bar 150 hadi 200 inatosha karibu kila mahali. Kinachopanda ni ujazo. Bomba la sinki litaridhika na lita 15 kwa dakika. Bomba la milimita 100 hadi 150 linataka lita 40 hadi 70. Magari makubwa ya kusafisha mitandao ya mji hutoa lita 200 hadi 300 kwa dakika.

Hatua zenyewe ni hizi.

Fungua chemba ya upande wa chini, ambako maji yanaelekea. Ikiwa kavu na ya juu yake imejaa, kizuizi kiko katikati yao. Fanya kazi ukitokea chini ukipanda, ili uchafu ukujie na uukusanye. Usiingie ndani ya chemba. Gesi ya maji taka inayonuka kama mayai viza hupoteza harufu inapozidi, kwa kuwa pua huacha kuisikia, na wengi waliokufa humo waliingia kumwokoa aliyetangulia.

Waarifu walio kwenye majengo yaliyounganishwa na bomba hilo wafunge vifuniko vya vyoo. Msukumo wa hewa unaweza kurusha maji machafu juu kupitia choo cha mtu.

Kama bomba ni pana, funga kipande cha bomba gumu nyuma ya nozeli, kirefu kuliko upana wa bomba, ili nozeli isiweze kugeuka ndani na kurudi mbio kwako. Paka alama ya rangi kwenye mpira mita moja kutoka kwenye nozeli. Ingiza nozeli kwa mkono mpaka ipite mdomo wa bomba, ndipo upandishe presha. Wakati wa kutoa, alama ikitokea, zima kabla ya kuendelea kuvuta. Nozeli yenye presha ikitoka nje ya bomba inageuka nyoka.

Ikishaanza kutambaa, shika mpira kwa glavu na uusome. Unapofika kwenye kizuizi unalegea na kusita, kisha unatikisika. Usiusukume kwa nguvu. Rudisha nusu mita, uachie tena, mara kadhaa. Kizuizi kinapofunguka utasikia mngurumo wa maji yaliyokuwa yamefungwa huko juu, na chemba itapokea kila kitu kwa mkupuo. Wengi huishia hapo. Usiishie hapo. Peleka nozeli mpaka chemba ya juu, kisha uivute polepole kuliko mwendo wa kutembea, bila kusimama mahali pamoja, hasa kwenye mabomba ya zamani yenye nyufa. Tazama maji yanayorudi: kwanza meusi yenye mapande ya grisi nyeupe kama mafuta ya mnyama, kisha ya kijivu, kisha mchanga. Mchanga ukiisha na maji yakawa meupe, rudia mara moja zaidi. Ukiona vipande vya udongo wa nje, kokoto kubwa au vigae vya bomba, acha. Bomba limepasuka na linahitaji kamera na kuchimbwa.

8. Kazi za viwandani: magamba, rangi na zege

Mirija ya vibadilisha joto kwenye viwanda vya mafuta, sukari na umeme huziba kwa magamba magumu. Husafishwa kwa mipira myembamba yenye nozeli ndogo, kwa bar 700 hadi 1,400. Hatari kubwa ni mpira kurudi nje ya mrija ukiwa na presha, kwa hiyo lazima pawe na kizuizi cha kimakanika mdomoni mwa mrija. Palipo na uwezo, mashine ya kulisha mpira ichukue nafasi ya mtu.

Kwenye meli, matangi na madaraja, maji ya bar 1,700 na zaidi hung'oa rangi na kutu mpaka chuma cheupe bila vumbi la mchanga. Faida kubwa iko kwenye chumvi: maji huosha chumvi iliyojificha ndani ya vishimo vya kutu, ile ambayo mchanga mkavu huifukia na ikaja kuvimbisha rangi mpya. Lakini maji hayakwaruzi chuma. Kama chuma hakikuwahi kupigwa mchanga, hakitakuwa na ukwaruzo wa kushika rangi, na itabidi uutengeneze kwa njia nyingine. Pia chuma huanza kuota kutu jepesi la rangi ya machungwa kadiri kinavyokauka, kwa hiyo panga fundi wa kupaka rangi afuate nyuma yako, na mkubaliane mapema ni kiwango gani cha kutu hilo rangi yake inakivumilia.

Kwenye zege, bar 1,000 na kuendelea huondoa sehemu iliyooza na kuacha zege zima pamoja na nondo zikiwa safi. Nyundo ya hewa hutikisa nondo na kuacha nyufa ndogo kwenye zege linalobaki. Maji hayafanyi hivyo, na zege jipya hushika vizuri kwenye uso ule wenye mikwaruzo. Kazi ya eneo kubwa ifanywe na roboti ya magurudumu. Hapa pia kumbuka nyaya za kukaza zege zilizofichwa ndani: pata michoro ya jengo kabla ya tone la kwanza.

9. Kukata

Norman Franz, mtaalamu wa misitu wa Marekani, alitafuta katika miaka ya 1950 njia ya kukata mbao kwa maji. Mashine za kibiashara zilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1979 mhandisi Mohamed Hashish akaanza kuchanganya mchanga mgumu kwenye mshale huo. Tangu hapo chuma, mawe na kioo vikakatika.

Ndani ya pampu kuna pistoni kubwa ya mafuta inayosukuma pistoni ndogo ya maji. Eneo la moja likiwa mara 20 ya jingine, mafuta ya bar 200 hutoa maji ya bar 4,000. Maji hupita kwenye tundu la yakuti au almasi lenye upana wa milimita 0.1 hadi 0.4.

Amua kwanza: maji matupu au yenye mchanga? Sponji, mpira laini, karatasi, nepi na vyakula hukatwa kwa maji matupu. Chuma, granite, vigae na kioo vinahitaji mchanga wa garneti, wa saizi 80 mara nyingi, karibu kilo 0.3 hadi 0.5 kwa dakika. Kioo kilichokazwa kwa moto usikijaribu, kitasambaratika chote. Bodi za tabaka, kama za nyuzi za kaboni, huachana tabaka pale mshale unapotoboa mara ya kwanza, kwa hiyo anza kwenye tundu lililotobolewa kwa drili au toboa kwa presha ndogo.

Kisha bana kazi isitikisike, weka kichwa milimita 1.5 hadi 3 juu yake, na kata kipande cha majaribio. Kasi ndiyo inayoamua sura: ukienda haraka, sehemu ya chini ya mkato inakuwa na mistari iliyopinda nyuma na ukuta wenye mshazari, ukipunguza, inalainika. Kwa kipande kitakachochomelewa, mistari haina neno. Kwa gia, lipa muda. Kwa kuwa hakuna joto, ukingo wa chuma haubadiliki ugumu wala rangi, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua maji badala ya moto.

10. Kuzima na kutunza

Punguza presha, zima injini, funga maji, kisha bana kifyatuo mpaka kisitoke kitu. Presha hubaki ndani ya mpira hata injini ikiwa imezimwa, na kiungo kisifunguliwe mpaka geji isome sifuri. Funga kufuli ya kifyatuo.

Kagua mpira kwa urefu wote. Uvimbe, mkunjo, au waya unaochungulia ni mwisho wake; usiufunge kwa utepe. Badilisha mafuta ya pampu kwa ratiba ya mtengenezaji, na yakigeuka rangi ya maziwa ujue maji yamepita sili. Mahali pa baridi kali toa maji yote au weka dawa ya kuzuia kuganda.

Mashine ikianza kupoteza nguvu, angalia nozeli kabla ya kulaumu pampu. Tundu likilika na kuongezeka upana kwa asilimia 10 tu, presha inashuka kwa karibu theluthi. Andika namba ya presha ya nozeli mpya ubavuni mwa mashine siku ya kwanza, na geji ikikaa chini ya namba hiyo kwa nozeli ileile na injini ileile, badilisha nozeli.